Watu wa Kubandika

Nyumba haiuzwi na kuta zake. Hilo Mapenzi Chome hakufundishwa chuoni. Alifundishwa na Justus, bosi wake, katika ofisi ya wasanifu majengo iliyokuwa juu ya duka la dawa pale Diani. Kuta ni kuta tu, Justus alizoea kusema, hata zizi la mbuzi lina kuta. Kinachomtoa mteja Nairobi akaja mbio kutia sahihi ni kumwona mtu anastarehe ndani ya nyumba ambayo bado haijajengwa. Kwa hivyo kila ofisi ya kazi hii ina faili lake la watu wa kubandika: picha za watu waliokatwa kutoka walikokuwa, wakaachwa bila ardhi chini ya nyayo, tayari kupachikwa kando ya bwawa, juu ya ngazi, au popote pale panapotakiwa furaha.

Faili la Justus lilikuwa na bibi mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana. Bibi huyu, Mungu amzidishie afya, alikwisha kukaa katika kila nyumba iliyochorwa baina ya Tiwi na Galu. Alikuwa na majumba mengi kuliko serikali ya kaunti, na hakuwahi kufagia hata moja.

"Huyu tumemchosha," alisema Justus, siku jina la Mapenzi lilipotajwa miongoni mwa wanaowania tuzo ya wasanifu vijana. "Majaji wanataka ladha ya hapa, si unanipata? Nitafutie mtu wa huku. Mama fulani hivi, amejifunga leso, mambo ya pwani. Ukishinda hii, Mapenzi, naandika jina lako pale mlangoni chini ya langu. Si mchezo, msee."

Jina mlangoni! Binti huyu wa Mkongani alikuwa amekula mihogo ya kutosha, na fedheha za kutosha, kulingoja neno hilo. Wenzake aliosoma nao walikuwa wakirusha picha za majumba yao kwenye simu kila asubuhi, majumba meupe pe, ambayo humo ndani huoni hata ndala moja iliyosahaulika. Kila picha ikimfikia, Mapenzi aliitazama, akaisifu kwa vidole, kisha akanuna mpaka chai ikapoa. Kufaulu, kwake, kulikuwa na sura inayojulikana: kioo cha mlango chenye jina lake, na picha moja ya nyumba itakayowanyima wenzake usingizi.

Nyumba yenyewe alikuwa nayo. Ilikuwa ijengwe Msambweni, juu ya jabali, bahari ikiwa chini yake. Na mtu wa kubandika alikuwa naye pia. Katika picha alizopiga pale kiwanjani ilikuwamo moja ya mama anayefagia, amempa mgongo mpiga picha, ufagio wa chelewa mkononi, leso imekazwa kiunoni, mwanga unamwangukia kwa ubavu. Picha tamu kuliko halua.

Mapenzi alimjua kwa jina. Aliitwa Mwanapili, msukaji wa makuti, na aliishi palepale kiwanjani pamoja na binti yake Hasina, katika nyumba ya udongo. Mambo ya pwani hii hayo: nyumba ni yako, minazi ni yako, ardhi ni ya mtu usiyemjua sura. Lakini kwenye michoro ya ofisi mahali hapo paliandikwa "kiwanja kitupu", na maneno hayo aliyeyaandika ni Mapenzi mwenyewe. Alikuwa amekwenda pale mara nyingi na utepe wake wa kupimia, akakatiza uani, akapita baina ya mafiga na kamba ya nguo, akaliruka hata sinia la mchele uliokuwa ukipembuliwa, wala siku moja hakusema hodi. Yeye, aliyechapwa utotoni kwa kuingia banda la kuku la jirani bila hodi! Lakini utaipigia vipi hodi nyumba ambayo haimo kwenye mchoro?

Basi akamkata Mwanapili. Alimkata vizuri, ncha za ufagio akazipitia ujiti mmoja mmoja. Kisha akasafisha kilichobaki: akaifuta nyumba, akafuta minazi, akafuta kamba ya nguo na moshi wa jikoni, akamwaga mchanga mweupe na mbingu. Akaihifadhi picha safi juu ya ile ya zamani. Mwanapili akambandika kando ya bwawa, akambandika tena kwenye ngazi, na katika ile picha kubwa, ile ya kuwamaliza majaji, akambandika juu kabisa, kwenye ukingo wa roshani, anafagia kuelekea baharini. Vyuma vya kujishikia alikuwa ameviondoa. Hiyo ni desturi ya kazi yao. Vyuma hukata mandhari, na kila msanifu hujiambia kwamba vitarudishwa siku ya kujenga.

Justus alipoiona alipiga mluzi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

*

Wiki haijaisha, Mapenzi akaenda Msambweni kupiga video kidogo ya kuongezea utamu. Alifika jua likiwa utosini, ile saa ambayo watu wazima wa pwani huwaita watoto ndani bila kueleza kwa nini. Hapakuwa na upepo. Minazi ilisimama kama iliyoambiwa isimame.

Mwanapili alikuwa peke yake katikati ya uwanja, anafagia. Hakuwa anafagia uani. Alifagia mstari ulionyooka mahali ambapo hapakuwa na kitu, akafika mwisho, akageuka, akafagia mwingine. Pembeni alizunguka kwa mviringo, taratibu, kama mtu anayechelea kutumbukia.

Mapenzi aliutazama ule mviringo na vinyweleo vikamsimama. Ulikuwa ni ukingo wa bwawa lake. Pembe ile ya mviringo aliibuni juzi tu, ofisini, akitafuna karanga. Hakuna aliyekuwa amekuja kupigilia hata kigingi kimoja.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu. Usikanyage hapo, utaloa."

Mapenzi aliurudisha mguu. Chini palikuwa na mchanga mkavu unaochoma. Msururu wa sisimizi ulikuja moja kwa moja hadi kwenye alama ya ufagio, ukakunja kona, ukapita kando.

"Kwani pana maji hapa?"

"Si hayo? Buluu kama sabuni ya kipande. Sijui ni nani kayamwaga hapa, na kisima chetu kina chumvi." Mwanapili aliuegemea ufagio wake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye mwanya, na hata sasa alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyeshuka kituo sicho. "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu nielekeze. Kwangu ni wapi?"

Nyumba ilikuwa nyuma yake, karibu kiasi kwamba moshi wa jikoni ulikuwa ukimgusa leso. Mapenzi aliinyoshea mkono. Mwanapili aligeuka, akaitazama nyumba yake kama mtu anavyotazama dirisha lililo wazi, yaani akatazama kilicho ng'ambo.

"Hapo pana mchanga, mwanangu," alisema kwa upole. "Na mbingu."

Hasina alitokea jikoni anajipangusa mikono, msichana mrefu, mwepesi wa maneno, lakini leo maneno yalimtoka kwa kusukumwa.

"Dada Mapenzi, umeona mambo yetu? Tunamshika mkono tunamwingiza. Akifika mlangoni anabisha hodi. Kwake mwenyewe! Nikimwambia karibu, anaketi ncha ya kitanda kama mtu aliyekuja kutoa pole. Nikigeuka tu, ameaga, ametoka."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Hospitali mmempeleka?"

"Tumempeleka. Macho mazima, presha yake nzuri kuliko yangu. Tukampeleka na kwa mganga, usinicheke."

"Sicheki."

"Alimtazama, akamtazama, kisha akaturudishia kuku wetu. Mganga kurudisha kuku, dada, umewahi kusikia wapi? Akasema, huyu hakurogwa. Huyu kahamishwa. Nikamuuliza, kahamishwa akapelekwa wapi? Akasema, mwulizeni aliyemhamisha."

Na palepale Mwanapili aliweka ufagio begani akaanza kutembea juu ya mchanga ulio sawasawa, huku akiinua magoti: goti, goti, goti, kisha akapumzika, akageuka kushoto, akaanza tena kuinua magoti. Mapenzi aliijua ngazi ile. Ndiye aliyeikunja kushoto, ili bahari imtokee mgeni kwa ghafla. Ngazi ilielekea ukingoni mwa jabali.

Hasina alikimbia akamkamata mama yake kiunoni. "Huko ndiko kunakonitia hofu," alisema akihema. "Anasema juu kuna upepo mzuri."

*

Ofisini Mapenzi alifungua ile picha kubwa akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alikuwa amembandika mama aliyempa mgongo. Sasa shavu lilionekana. Si uso, la, shavu tu na ncha ya jicho, kama mtu aliyehisi ameitwa.

Hakungoja. Alimfuta Mwanapili kando ya bwawa, akamfuta kwenye ngazi. Alipofika kwenye roshani simu ikalia.

"Dada Mapenzi," ilikuwa sauti ya Hasina, "mama kaacha kufagia lile bwawa lake. Ghafla tu. Na ngazi kaiacha."

"Alhamdulillahi! Umeona?"

"Alhamdulillahi gani? Sasa habanduki ukingoni mwa jabali. Amesimama pale anafagia hewa. Nimemwita jirani yetu Tembo tumshike kwa zamu."

Mapenzi aliuondoa mkono kwenye kompyuta polepole, kama mtu aliyegundua kwamba anamshika nyoka. Alielewa. Kila alipomfuta hakumrudisha kwao. Alimpunguzia mahali pa kusimama. Kote ulimwenguni Mwanapili alikuwa amebakiwa na ncha ile moja ya roshani. Akimfuta na hapo, je, ataangukia wapi?

Aliitafuta picha ya mwanzo. Hakuipata; alikwisha kuifunika. Alijaribu kurudi nyuma hatua kwa hatua, na kompyuta ikamletea mchanga na mbingu, mchanga na mbingu. Akafungua vipimo vya kiwanja: kitupu. Akafungua picha za simu yake: bahari kwa pembe hii, bahari kwa pembe ile. Katika safari zote zile hakuna mahali ambapo ile nyumba iliingia, hata kwa bahati mbaya.

"Justus, tuiondoe hii picha."

"Tuiondoe?" Justus alicheka. "Majaji wameshaiona. Wameiweka kwenye mwaliko. Hiyo picha sasa ndiyo wewe, Mapenzi. Ukiitoa unabaki na nini?"

Alimweleza. Alimweleza yote, maji ya buluu, mganga na kuku wake. Justus alizungusha kalamu kwa vidole, amejiandaa kutania, kisha jicho lake likaangukia kwenye skrini.

"Huyu mama," alisema, "si alikuwa anatazama baharini?"

"Alikuwa."

Kalamu ilisimama. "Basi usimguse. Jumamosi ya tuzo ipite kwanza, tutaongea." Na akakigeuza kiti chake, akaketi akitazama ukuta mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Mapenzi naye, tusimsingizie wema, alimpigia Hasina akamwambia: "Mshikeni vizuri. Mshikeni mpaka Jumamosi ipite." Hasina aliuliza Jumamosi kuna nini. Mapenzi alisema kuna kazi.

*

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na baridi ya mashine na harufu ya kahawa. Majaji waliketi mbele, katikati yao Beryl, msanifu mwenye jina Nairobi, mama wa miwani mizito asiyecheka na mtu kabla ya chakula cha mchana. Justus aliketi nyuma yao amevaa koti. Nje jua lilikuwa utosini tena.

Mapenzi aliunganisha kompyuta yake, na picha ikajaa ukuta mzima. Watu walivuta pumzi. Nyumba ilielea juu ya jabali kama iliyoshuka na mvua, nyeupe, bila waa, bahari ikiwaka chini yake. Na pale juu, ukingoni, Mwanapili.

Alikuwa amegeuka kabisa. Uso wake, mkubwa kama mlango, uliutazama ukumbi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ule utulivu wa mtu anayengoja kujibiwa.

"Nzuri," alisema Beryl. "Huyu mama wa roshani ni kama anatuuliza kitu."

Mapenzi alikuwa ameuona mguu. Mguu wa kulia ulikuwa umeinuka kutoka sakafuni, goti juu, umeelekezwa nje.

Simu ilitetemeka mezani. Aliipokea mbele ya watu wote.

"Tumeshindwa!" Hasina alikuwa akilia. "Anatuburuta, dada, mimi na Tembo wote wawili, ana nguvu kama maji kujaa! Anakutaja wewe. Anasema umemwekea sakafu mbele!"

Yako mambo ambayo mtu huyaamua kwa kufikiri, na yako ambayo mkono huyaamua wenyewe. Mkono wa Mapenzi ulikwenda kwenye kipanya. Huko ukumbini watu waliona mstari mweusi, mbaya, uliopinda, ukikatiza mandhari yote ya bahari, kisha mwingine chini yake, kisha nguzo, nguzo, nguzo. Alikuwa akichora vyuma vya kujishikia.

"Hasina! Vipi?"

Kisha, kwa sauti ndogo: "Amesimama. Ameshika kitu. Dada, ameshika hewa kwa mikono miwili, na... na mimi nikiipapasa naikuta ya baridi."

"Usimwachie. Hasina, nisikilize. Niambie nyumba yenu ikoje."

"Nini?"

"Nyumba yenu! Nielezee. Mlango uko wapi?"

"Si umepita hapa siku zote!"

"Nimepita," alisema Mapenzi. "Sikuitazama."

Aliiweka simu mezani ikiwa inasikika kwa wote, akaanza kufuta. Alifuta ukuta wa kioo. Alifuta bwawa na ile pembe yake ya mviringo. Justus alisimama akampungia mikono kama anayemzuia dereva asirudi nyuma kwenye mtaro. Beryl alisema, "Binti, muda wako unakwisha," na Mapenzi akasema, "Samahani, mama, kuna mtu yuko njiani anakwenda kwake," akaendelea.

"Mlango unatazama jikoni," ilisema simu.

"Si baharini?"

"Nani akae anatazama bahari kutwa nzima, kwani inampikia?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza haraka.

"Baraza?"

"Ipo. Ya udongo, imefika magotini. Mama anakaa hapo akisuka makuti, mgongo ukutani, miguu ameinyosha. Kwa hivyo ni pana, dada, upana wa miguu ya mama!"

Mapenzi alichora baraza ya upana wa miguu ya Mwanapili. Chuoni alipata alama za juu kwa kueleza namna upepo unavyopita nyumbani. Hakuna aliyemuuliza ni nani atakayekuwa ameketi upepo unapopita. Alichora paa la makuti, limeteremka chini sana mbele. Limeteremka kwa nini? Kwa sababu ya mvua ya kusi, ilisema simu, ikija kwa ubavu. Alichora kizingiti kilichoinuka. Kimeinuka kwa nini? Kuku wasiingie. Kila kitu kilikuwa na kwa nini yake, na zote zilimjia kwa sauti ya msichana anayelia huku ameshika leso ya mama yake asije akaiachia. Nyumba nyeupe ilizidi kuliwa. Ngazi ilibaki nusu, imening'inia.

"Dirisha je? Upande wa jikoni?"

Simu ilivuma upepo. "Hasina! Dirisha!"

Hapakuwa na jibu. Mkono wa Mapenzi ulichora dirisha pale ulipodhani moshi ungependa kutokea. Kisha alimshika Mwanapili kwa ncha ya kipanya, kwa upole kuliko alivyowahi kushika kitu chochote katika kazi ile, akamteremsha kwenye kile kipande cha ngazi, akamtua uani, mbele ya mlango. Akavuta pumzi. Akafuta roshani.

"Anashuka," ilisema simu. "Anashuka ngazi... hakuna ngazi, dada, lakini anashuka. Tembo, mpishe! Mpishe apite! Ameitazama nyumba. Ameiona. Ameingia." Kisha kikasikika kilio kilichochanganyika na kicheko. "Anauliza ni nani kaacha wali ukaungua!"

Mapenzi aliinua macho kuitazama skrini. Nyumba ya udongo ilikuwa imekaa pale kwa mistari yake iliyopinda, paa chini, mlango wazi. Uani hapakuwa na mtu.

Yeye hakumfuta. Mkono wake ulikuwa mezani, mbali na kipanya, na watu wote waliuona ulipokuwa. Beryl alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake, akaivaa tena.

"Kaenda wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini, si kama jaji.

Mtu alisema ni ufundi wa kompyuta, akapiga makofi kidogo, akaona yuko peke yake, akaacha.

*

Tuzo ilichukuliwa na kijana wa Nairobi aitwaye Timothy, kwa jumba la vioo ambalo lingeweza kuliwa kwa kijiko. Mteja wa Msambweni aliihamishia kazi yake ofisi nyingine. Ardhi ilibaki ya mtu asiyejulikana sura. Jambo hilo halikutatuliwa na mchoro wala na machozi, na Mapenzi hakujidanganya kwamba limetatuliwa. Justus hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba habari ya jina mlangoni tuisahau kidogo, kisha, akidhani haonekani, akalifungua lile faili la watu wa kubandika na kuwatazama mmoja mmoja nyuso zao, hasa wale waliogeuka.

Jumapili Mapenzi alikwenda Msambweni. Alisimama pale uwanja ulipoanzia, palepale alipozoea kukatiza.

"Hodi!"

Kuku walimtazama. "Hodi jamani!"

"Karibu, mwanangu, karibu. Lakini usije mlangoni, njoo huku kwanza uone ulilotufanyia."

Sauti ilitoka ukutani, upande wa jikoni. Mwanapili alikuwa amechungulia dirishani, viwiko vimeegemea nje, kitambaa kichwani, mwanya wote uko nje. Macho yake yalimtazama Mapenzi, yakakomea kwa Mapenzi. Mapenzi alipiga magoti palepale kwenye majivu, akamweleza yote, kuanzia utepe na uwanja aliokuwa akiukatiza hadi mchanga na mbingu. Mwanapili alimsikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Nilijua ni mtu aliyesoma. Mchawi wa hapa angenipeleka Tiwi tu."

Hasina alikuja akasimama kando ya dirisha, lakini mbali nalo kidogo. "Hili halikuwapo, dada," alisema. "Nimezaliwa humu. Ukuta huu ulikuwa mzima. Jumamosi tumeingia ndani tumelikuta hivi, fito zimekatwa, udongo umekauka, masizi yako juu yake kama ya miaka. Tazama, hata buibui wamo."

Mapenzi aliugusa ukingo wa dirisha. Ulikuwa mkongwe, laini kwa kuegemewa na watu wengi. Ulipinda kushoto kidogo, kama mstari wa mtu aliyechora kwa haraka.

"Moshi unatoka, sikatai," alisema Mwanapili. "Tena upepo wake mtamu. Lakini umeliweka chini! Mbuzi wa Tembo ananichungulia nikila. Mtu na mbuzi wametazamana macho kwa macho, tonge liko mkononi, hiyo ni heshima?"

"Nitalipandisha," alisema Mapenzi. Alifungua mkoba, akatoa utepe wake, kisha akausitisha mkono hewani. "Bi Mwanapili, wewe unataka likae wapi?"

Mwanapili alirudi ndani, akaketi kwenye kibao chake cha kukunia nazi, kando ya mlango, akajiweka sawa kama anayepigwa picha, akainua kiganja juu ya kichwa chake kidogo. "Hapa. Nikiketi nisionekane, nikisimama nione ni nani anakuja."

Mapenzi aliokota kipande cha mkaa, akaingia, akakisogeza ukutani usawa wa kile kiganja. Akajaribu kucheka.

"Nikikosea si neno," alisema. "Nitafuta."

"Usifute!" walipiga ukelele mama na binti kwa pamoja, na Mwanapili, aliyekuwa ameketi, akaukumbatia mwimo wa mlango wake kwa mikono miwili.